Kofia Iliyobaki kwa Masanja

Jumatatu, 6 Septemba 1954

Asubuhi nimepaka mafuta ya nazi viganjani, nikafunga vitambaa, nikaenda lamboni. Kama jana na juzi. Malengelenge ya mkono wa kulia yamepasuka. Ya kushoto bado.

Udongo wa leo mwekundu, mgumu. Wanaume wanachimba chini, wanawake na vijana wanapandisha makarai juu ya ukuta. Mimi napandisha. Bado sijaaminiwa jembe.

Adhuhuri nimefungua sanduku la dawa nililopewa na Daudi, mganga wa zahanati ya Buseresere. Aidini, pamba, bendeji, dawa ya macho. Nimeosha vidonda vya miguu na jicho la bibi mmoja aliyenishukuru kwa Kisukuma: "Wabeja." Hilo neno nalijua sasa.

Mjomba Seif bado hanielewi. Nimetoka Unguja kwa meli na gari la moshi kuja kumtembelea, likizo yangu yote ya ualimu, yeye fundi cherehani aliyeondoka nyumbani kabla sijazaliwa. Nikakaa barazani kwake siku chache tu. Nikaona wanawake wakipita alfajiri na mitungi kwenda kutafuta maji, wakirudi jua limepanda, maji yenyewe rangi ya chai ya maziwa. Nikauliza. Nikaambiwa wanakijiji wanachimba lambo lao wenyewe, mashine za Serikali hazikufika huku. Nikaenda kutazama. Nikaona haya kutazama tu.

Mjomba anasema: "Watu huja Bara kutafuta dhahabu. Wewe umekuja kutafuta udongo."

Lamboni kila jambo jibu ni moja. Mfereji upite wapi? Ngoja Masanja arudi. Ng'ombe waletwe lini? Ngoja Masanja. Ndiye mkuu wa kazi. Amekwenda msibani Shinyanga, kwao alikohama na ng'ombe wake miaka kadhaa iliyopita.

Jumanne, 7 Septemba

Masanja amerudi. Nimemchukia.

Mtu mrefu, wa makamo, bangili za shaba mkononi, kibuyu kidogo cha ugoro shingoni. Ametokea barabarani kwa miguu na majembe yote yakasimama. Amepita akimsalimu kila mtu kwa jina la mtoto wake. Baba fulani, Mama fulani. Hakumruka hata mmoja. Hapo nilimpenda.

Akafika kwangu. Nikatoa shikamoo. Marahaba, na mkono mzito begani.

"Kabila gani?"

"Mimi mtu wa Unguja."

"Unguja si kabila. Bibi yako nani?"

Nikasema bibi mzaa mama alikuwa Mzaramo. Kumbe nimetia moto kwenye nyasi kavu. Watu wote waliangua kicheko. Masanja akapiga makofi, akaninyang'anya kofia kichwani, akaivaa.

"Mzaramo! Babu zangu walibeba pembe mpaka pwani, mkawauzia maji. Ya kunywa! Leo umekuja kuyachimba mwenyewe. Chimba!"

Ile kofia Mama ameishona kwa mkono wake, kuanzia mfunguo mosi hadi mfunguo tatu, kwa ajili ya safari hii. Masanja ameondoka nayo na jasho lake lote. Nimebeba makarai hadi jioni bila kusema na mtu. Huu ni wizi, na wanacheka.

Jumatano, 8 Septemba

Nimekwenda kwa mwanangwa, ndiye mkuu wa kijiji. Nimeeleza kwa adabu. Akavaa viatu, akanifuata.

Masanja alinirudishia kofia kwa mikono miwili. Aliikung'uta kwanza. "Samahani, Bwana Mwalimu."

Kutoka hapo siku nzima nilikuwa Bwana Mwalimu. Bwana Mwalimu akae kivulini. Bwana Mwalimu asibebe zito. Hakuna aliyecheka karibu yangu. Nilipopita na karai, mazungumzo yalikatika. Sijapata kuona heshima inayouma namna hii.

Jioni Mjomba Seif alisikiliza habari yote, akaacha cherehani, akacheka mpaka akakohoa. Kisha hakucheka tena.

"Umeharibu. Yule ni mtani wako. Msukuma na Mnyamwezi kwa utani nyumba moja, na Mzaramo ndiye mtani wao tangu enzi za misafara. Mtu kakufungulia mlango wa nyumba yake, wewe umeita polisi."

Neno utani nalijua. Nimelisikia tangu utoto. Sijawahi kuishi ndani yake, kwani bibi alikufa nikiwa mdogo. Mjomba amenieleza taratibu. Mtani akikutukana, humkasirikii. Akichukua chako, hudai. Unangoja zamu yako na wewe uchukue chake. Akifiwa, wewe ndiye unayekwenda kuchimba kaburi, kupika, na kuwachekesha wafiwa hata wasipotaka. Anayemkasirikia mtani anachekwa mpaka anazeeka.

"Sasa nifanye nini? Nikamwombe radhi?"

"Ukimwomba radhi ndiyo umemzika kabisa. Kamwibie."

Jumamosi, 11 Septemba

Nilisubiri chakula cha mchana. Masanja aliketi juu ya jiwe na bakuli la michembe, vile viazi vikavu vya huku, na kibuyu cha maziwa ya mgando. Mkewe, Mama Kabula, alikuwa ndiyo kwanza amemtengea.

Nilikwenda moja kwa moja. Nikachukua bakuli, nikaketi mbele yake, nikala. Nikanywa na maziwa. Nikamwambia Msukuma hastahili maziwa, kazi yake kuchunga tu, wa kunywa ni sisi.

Watu wakaacha kutafuna. Nikadhani nimekosea tena.

Kisha Masanja akainua mikono juu. "Mzaramo ameamka! Jamani, nilidhani wametuletea maiti!"

Akaninyang'anya kofia kwa mara ya pili. Sikuidai. Watu walicheka hadi wengine wakalala chini. Mama Kabula alileta bakuli jingine, mumewe akalizungushia mikono miwili kama mtoto.

Alasiri nimepewa jembe.

Jumanne, 14 Septemba

Nataka kuandika jinsi wanavyofanya kazi, nisije nikasahau nikirudi nyumbani.

Ngoma inalia mwanzo. Wachimbaji wanasimama mstari mmoja, bega kwa bega, Masanja mwisho wa kulia. Majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Anayechelewa anatungiwa wimbo papo hapo. Mimi nimekwisha tungiwa. Unasema mtu wa pwani anabembeleza ardhi kama mchumba. Wanawake wameuongezea mstari ambao siuandiki.

Hakuna anayelipwa. Kila nyumba inaleta mtu. Ambaye ana mgonjwa nyumbani shamba lake linalimwa na wengine, wala hakuna anayelitaja jambo hilo.

Jioni wanaletwa ng'ombe. Masanja anawapitisha juu ya ukuta mpya, kundi zima, nenda rudi, huku akiwapigia mbinja. Kwato zinashindilia udongo. Asubuhi ukuta mgumu kama sakafu ya saruji. Nilisimama nikatazama mpaka vumbi likanifunika. Mimi hufundisha jiografia. Sikuwahi kuona somo zuri namna ile.

Nilikuja kusaidia. Mpaka leo nimekula zaidi kuliko nilivyobeba.

Jumatatu, 20 Septemba

Mawingu upande wa ziwa. Hayakuleta kitu, lakini watu wote waliyatazama.

Ukuta umeinuka pande zote mbili. Limebaki pengo katikati, kinapopita kijito wakati wa mvua. Lazima lizibwe kabla mvua haijaanza. Maji ya kwanza yakilikuta wazi, yatakula kingo, na kazi ya kiangazi chote itakwenda ziwani. Masanja ametuambia hivyo bila kupaza sauti. Akaongeza kwamba Mzaramo ataliziba kwa mdomo wake, ni mkubwa wa kutosha.

Vijana watatu wa mgodini Geita wameanza kuja siku zao za mapumziko. Wamekuja na mitaimbo ya chuma kuvunja mwamba ulio chini ya pengo. Wanayaita mawe kwa majina ya wasimamizi wao. Wanayatukana, wanayapiga.

Alhamisi, 23 Septemba

Mtaimbo umemchoma Masanja mguu wa kushoto. Ulikuwa umeegemezwa mwambani, ukateleza. Ncha imeingia juu ya unyayo, karibu itokee chini. Chuma cha zamani, kutu tupu.

Hakupiga kelele. Aliketi, akautazama mguu kama wa mtu mwingine. Nimeosha kwa maji ya moto na chumvi, nimetia aidini, nimefunga. Akasema Wazaramo wanafunga vidonda kama wanavyofunga mizigo, kila kitu kitamwagika njiani.

Baada ya chakula alirudi kwenye mstari. Nikamkataza. Daudi alipita kwa baiskeli, naye akamkataza. Alichimba kwa mguu mmoja.

Jumamosi, 25 Septemba

Mguu umevimba. Ukiugusa ni moto. Masanja amekaa juu ya jiwe, anaongoza kwa sauti. Kazi haijapungua.

Daudi amempiga sindano. Amempa vidonge. Ameniambia pembeni tuangalie rangi.

Jumanne, 28 Septemba

Rangi imebadilika. Vidole viwili vya mwisho ni vyeusi. Kuna harufu. Nimeandika hivi kwa sababu nimejizoesha kuandika ninachoona, lakini sikutaka kukiona.

Daudi amemwambia wazi mbele ya mkewe: hospitali kubwa, Mwanza, haraka. Zahanati haina uwezo tena.

Masanja amekataa. Kaka yake Shija aliwahi kuumia mgodini, akapelekwa hospitali juu ya lori, akipunga mkono. Hakurudi. Hata kaburi lake Masanja hajawahi kuliona. Na pengo bado liko wazi. "Likizibwa nitakwenda."

Pengo litahitaji siku nyingi. Mguu hauna siku nyingi.

Alhamisi, 30 Septemba

Wote wamejaribu. Mwanangwa amekwenda, akapewa kiti na maziwa, akaondoka bila kusema alichojia. Ni mdogo kwa Masanja na anamheshimu mno. Vijana wamekwenda, wakaulizwa ukuta umefika wapi. Daudi amekwenda tena, akaambiwa Mhaya arudi kwao akalime ndizi. Wazee wa jirani wameshauri, Masanja amewashukuru, ameshukuru sana, na hakunyanyuka.

Nimekwenda na mimi. Nimeketi kwa adabu na kumweleza jinsi sumu inavyopanda katika damu. Nimechora hata picha mchangani. Alinisikiliza vizuri. Kisha akasema, "Ahsante, Bwana Mwalimu."

Nimerudi nyumbani nikiwa na hasira. Si kwake. Kwangu. Anakufa mbele yetu na sisi tunatandika adabu.

Homa imempanda Masanja.

Ijumaa, 1 Oktoba

Baada ya sala ya Ijumaa nimemkuta Mama Kabula barazani kwa Mjomba. Ametembea kutoka kijijini juani. Kanga imelowa jasho. Alikataa kiti, alikataa maji.

"Nimesema kama mke, nimemaliza. Binti yetu Kabula amelia, akatumwa kuchota maji. Vijana wanamwogopa. Wazee wanaogopa kumwaibisha. Nani amebaki?"

Mjomba akasimamisha cherehani, mguu wake juu ya pedeli.

Mama Kabula akanitazama kichwani. Sina kofia tangu siku ile. Akatazama tena hapo, akaaga, akaondoka.

Nilikuwa nakunja mkeka ndipo nikaelewa alichokuja kusema. Alikuja kuniuliza, kwa kofia ile, zamu yangu nitaichukua lini.

Mjomba ameelewa kabla yangu. Amesema lori la pamba linapita kesho asubuhi kwenda Mwanza. Dereva ni Juma, mteja wake, Mnyamwezi wa Tabora. "Na yeye mtani wako. Atafurahi kuliko wote."

Jumamosi, 2 Oktoba

Niandike yote wakati bado nayasikia.

Juma aliliingiza lori mpaka lamboni. Watu walikuwa kazini, Masanja juu ya jiwe lake, mguu umefunikwa kwa shuka, macho yamekuwa ya kioo. Kichwani kofia ya Mama. Ngoma ilikuwa inalia.

Nikatupa jembe chini katikati ya wimbo. Ngoma ikanyamaza. Nikasimama mbele yake bila shikamoo.

"Masanja, Msukuma mla michembe. Kofia yangu iko wapi?"

Aliigusa. "Ipo mahali pazuri. Imepata kichwa."

"Uliichukua, uliniomba?"

"Tangu lini mtani anaomba?"

"Vizuri. Wote mmesikia?" Wakasema wamesikia. "Leo na mimi nachukua."

Alitabasamu kwa shida. "Chukua mbuzi."

"Sitaki mbuzi."

"Chukua ndama. Chukua yule dume mwekundu, anafanana na wewe."

Nikapiga goti, nikaushika mguu. Juu ya kifundo, panapochoma. Nikasema kwa sauti ya kufika hadi mwisho wa mstari:

"Nachukua mguu huu. Umeshaoza, sisi Wazaramo tunakula samaki aliyechina, harufu hii hatuogopi. Na kwa kuwa mwenye mguu kaung'ang'ania, nachukua na mwenyewe. Nimeshashika. Anayetaka kuninyang'anya aje."

Niliona hasira ikipanda usoni pake, kweli kabisa, na nikaogopa. Alifumbua mdomo.

Mama Kabula ndiye aliyeanza. Alipiga kigelegele kutoka juu ya ukuta, karai bado kichwani. Kisha mmoja akacheka, kisha wote. Juma akatoa kichwa dirishani akiuliza kama ni huo tu mzigo, mbona alidhani ataletewa tembo. Ngoma ikaanza tena. Papo hapo wimbo ulitungwa, kwamba Mzaramo kaiba dume lisilokamuliwa.

Masanja alitazama mstari wote. Alikuwa amenaswa, na alijua. Kukataa mke, mganga na mwanangwa ni ubishi wa mwanamume. Kumkasirikia mtani aliyechukua zamu yake, mbele ya kijiji kizima, hilo asingeweza kuishi nalo.

"Mwizi," akasema. "Mwizi mkubwa. Nibebeni basi, asije akaniangusha, mikono yake ya chaki."

Vijana wa mgodini ndio waliombeba. Wamemlaza juu ya pamba. Mkewe upande huu, mimi upande ule. Alipokuwa anapita kwenye pengo alinyoosha kidole na kutoa amri za mfululizo: hapa mawe kwanza, hapa udongo wa kichuguu, ng'ombe wapite mara tatu. Wote waliitikia. Nilikuwa bado nimeushika mguu. Niliogopa kuuachia.

Jumapili, 3 Oktoba. Mwanza

Safari mbaya. Barabara yote mashimo. Alinitukana kutoka Buseresere mpaka kivukoni, na kila alipopungukiwa nguvu Juma alimsaidia kwa tusi jipya. Ndani ya kivuko alinyamaza. Tulimdondoshea maji midomoni. Mama Kabula aliimba kwa sauti ya chini, wimbo wa kukamua, ndivyo alivyoniambia.

Hospitalini wamempokea mara moja. Daktari amefungua bendeji, amefunga, ameagiza chumba kitayarishwe.

Kabla hajaingizwa alinishika mkono. Hakutania. "Shija alipunga mkono," akasema. Basi.

Wakamsukuma ndani. Hakupunga.

Jumatano, 6 Oktoba

Yu hai.

Wamekata chini ya goti. Daktari anasema angekawia zaidi wangekata paja, au wasingekata kitu.

Leo wameniruhusu kumwona. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno ya pole. Nimeyapanga njiani kama somo. Alifumbua macho, akanitazama.

"Mzaramo. Ulisema unachukua mguu. Sikujua utaondoka nao kweli."

Nilijua kazi yangu. Nikamwambia nimeshauuza kwa Daudi, ameupika na ndizi, umekuwa mgumu, anataka arudishiwe pesa zake. Kitanda kilitikisika kwa kicheko mpaka muuguzi akaja kunitoa.

Nje nimeketi ukutani nikalia. Mama Kabula alikuja kuketi karibu. Akanipa nusu ya kiazi.

Huyu mama hajalala vizuri tangu Jumamosi. Anaosha nguo za wagonjwa wasio na jamaa. Hakuna aliyemwomba. Mimi niliyevuka bahari kuja kujitolea nalitazama hilo na kujifunza.

Jumanne, 19 Oktoba. Buseresere

Nimerudi kwa Mjomba kufunga mizigo. Likizo inakwisha.

Nimekwenda lamboni. Pengo limezibwa. Mawe kwanza, udongo wa kichuguu, ng'ombe mara tatu. Walifanya sawasawa na amri zake za juu ya lori. Katika mstari wameacha nafasi wazi mwisho wa kulia. Nilitaka kuingia hapo, kijana mmoja wa mgodini akanivuta shati. "Hapo pana mtu."

Mvua imenyesha juzi. Si nyingi. Chini ya ukuta kuna maji, mapana kama uwanja wa shule, ya udongo, yametulia. Vyura wamefika kabla ya watu. Kabula alikuwa ukingoni na mtungi, akichota kwa uangalifu asitibue. Nimemsalimu kwa Kisukuma changu kibovu. Ameniuliza baba atatembeaje. Nimemwambia kwa gongo, na kwa kelele. Amecheka kidogo. Amejitwisha mtungi, ameondoka. Nyumbani kwao ni karibu, nimemwona akifika.

Mwanangwa amenishukuru mbele ya watu. Nikasema sikufanya kitu. Wote wakanizomea. Nilistahili.

Alhamisi, 28 Oktoba. Mwanza

Gari la moshi linaondoka alasiri. Nimepita hospitali kuaga.

Masanja amelala. Mama Kabula alikuwa nje anaanika. Amesema jana alisimama kwa magongo, akafika mlangoni, akarudi. Usingizi huu ni wa uchovu mzuri. Akauliza amwamshe. Nikakataa.

Nimeketi karibu ya kitanda. Uso umepungua, umerudia rangi yake. Kofia ya Mama kichwani, imeingia doa la aidini upande mmoja, na pindo limeanza kufumuka. Nyumbani nitaulizwa iko wapi. Nitasema.

Kibuyu cha ugoro kilikuwa mezani, kamba yake imezungushwa vizuri. Nikatazama mlangoni. Hakuna mtu. Nikakitia mfukoni.

Ninaandika haya kituoni. Nimekifungua mara moja, nikapiga chafya tatu, mama mmoja akaniombea afya. Nimekifunga tena.

Sasa ni zamu yake.